Mjomba, nimeambiwa nitajitolea kibutsi na nitalipwa dola 1,500

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni binti wa miaka 22, nimemaliza stashahada ya kilimo na sasa nipo nyumbani Morogoro. Kabla ya kuomba digrii nataka mwaka mmoja wa kutoka, nione dunia na nishike kazi kwa mikono. Nimesikia habari za kibutsi, kijiji cha ushirika kule Israeli, kwamba vijana kutoka kila nchi huenda wakaishi pale, wakafanya kazi ya kujitolea, wakala na kulala bure. Kanisani kwetu kila mtu amefurahi, wanasema nitaiona Nchi Takatifu bila gharama.

Nimempata wakala kupitia rafiki. Anasema nitaenda kama mtu wa kujitolea, lakini kibutsi kitanilipa dola 1,500 kwa mwezi, na baada ya miezi mitatu viza itageuzwa kuwa ya kazi. Anataka shilingi milioni 4.2. Nimeshampa laki tatu za fomu. Nilipouliza jina la kibutsi alijibu, "Ukifika utapangiwa."

Mama amekataa kabisa. Kila nikitaja Israeli ananikumbusha wale vijana wawili wa kwetu waliouawa mwaka 2023. Baba amenyamaza, anasema niulize wanaojua.

Naomba unisaidie: hii habari ya dola 1,500 ni ya kweli? Nikienda nitafanya kazi gani hasa? Na je, nimpe mama jibu gani kuhusu usalama?

Mpwa wako, Mwenye Jembe Mkononi, Morogoro

* * *

Marahaba mpwa wangu.

Tuanze na hela, maana hiyo ndiyo inayotoka mfukoni wakati sisi tunaongea. Usimwongezee huyo wakala hata shilingi. Amekupikia kujitolea na mshahara katika chungu kimoja, na sheria za Israeli haziruhusu mapishi hayo. Anayejitolea kibutsi hupewa kitanda, chakula, mahali pa kufulia na posho ndogo, mamia machache ya shekeli kwa mwezi, ya kununulia sabuni, vocha na nauli ya kwenda mjini siku ya mapumziko. Hata kibutsi chenye moyo wa dhahabu hakiwezi kumlipa dola 1,500 mtu aliyeingia kwa viza ya kujitolea.

Shambani Israeli huingiwa kwa milango mitatu, na ukishajua umepita mlango upi, maswali yako mengine yote yamejibika.

Wa kwanza ni viza ya B/4, ya kujitolea. Ndiyo ya vijana wa kibutsi. Haikupi ruhusa ya kuajiriwa popote, iwe kibutsini, iwe hotelini Tel Aviv, iwe kufanya usafi kwa mtu siku ya Jumamosi. Ukikamatwa unafanya kibarua, unarudishwa nyumbani, na safari nyingine ya kwenda huko itakuwa ngumu. Hiyo ahadi ya "viza itageuzwa baada ya miezi mitatu" imewaacha wengi wakiishi kwa kujificha kwenye mitaa ya kusini mwa Tel Aviv.

Wa pili ni wa wanafunzi wa kilimo, viza ya A/2. Huu ndio mlango uliopitwa na Watanzania wengi waliokwenda mashambani huko, na kwa stashahada yako unakufaa kuliko unavyodhani. Mafunzo huchukua miezi kumi hadi kumi na moja. Kwa kawaida siku tano za wiki ni kazi shambani kwa mkulima, siku moja ni darasani. Kituo kinachojulikana sana ni kile cha Arava, AICAT, kilichopo Sapir katika jangwa la kusini. Kuna na mipango mingine inayochukua wanafunzi kupitia vyuo vyao vya nyumbani. Hapa unalipwa kwa saa ulizofanya kazi, kisha unakatwa kodi ya chumba, bima na ada ya masomo. Wako wanaorudi na akiba ya kuanzisha shamba. Wako pia wanaolalamika kwamba darasa lilikuwa kivuli tu, walichofanya ni kupanga pilipili hoho kwenye maboksi mwaka mzima. Malalamiko hayo si ya kubuni, na shirika la Kav LaOved la Tel Aviv, linalotetea haki za wafanyakazi, limekuwa likiyashughulikia.

Wa tatu ni B/1, viza ya kazi. Hii huja na mkataba na mwajiri anayetajwa jina, na kwa kawaida hupitia makubaliano ya serikali kwa serikali. Kenya na Malawi zilipeleka vibarua wa mashambani kwa njia hiyo mwishoni mwa 2023. Mshahara wake hauwi wa kubahatisha: Aprili 2025 kima cha chini Israeli kilipandishwa hadi shekeli 6,247 na ushee kwa mwezi kwa anayefanya kazi saa zote. Ukiona dola 1,500, jua kuna mtu amekisogelea kiwango cha mlango wa tatu akakibandika kwenye mlango wa kwanza ili biashara iuzike.

Sasa kibutsi chenyewe. Kwa Kiebrania wingi wake ni kibutsim, lakini Kiswahili kimelipokea neno hili kama kilivyolipokea kitabu: kibutsi, vibutsi. Cha kwanza, Degania, kilianzishwa mwaka 1910 kwenye ncha ya kusini ya Ziwa la Galilaya, ambalo wenyeji huliita Kinneret. Leo vipo takriban 270 nchi nzima. Wazo la mwanzo lilikuwa kwamba ardhi, trekta, jiko na hata nguo ni mali ya wote, kila mtu anafanya kazi kadiri awezavyo na anapata kadiri anavyohitaji. Wazee wetu wataona hapo sura ya ujamaa. Waisraeli walikuwa karibu na Tanganyika miaka ile ya 1960, hata kwenye kuanzishwa kwa JKT mwaka 1963, mpaka uhusiano ulipovunjika 1973. Lakini usiende ukitafuta kijiji cha ujamaa. Baada ya mzigo wa madeni wa miaka ya 1980, vibutsi vingi vilibadilika: wanachama sasa wana mishahara tofauti, wengi wana nyumba zao na magari yao, na wengine wanafanya kazi mjini. Vinavyoendelea kugawana kila kitu ni vichache.

Nimekuambia historia hiyo kwa sababu inagusa sahani yako. Kwenye kibutsi cha zamani bwalo hufunguliwa milo mitatu na hakuna anayekuuliza kitu. Kwenye kile kilichobadilika, bwalo huenda linafunguliwa mchana tu, na kila sahani inapigiwa hesabu kwa kadi. Kwa hiyo kabla hujakubali nafasi uliza: bwalo linafunguliwa milo mingapi, na milo iliyobaki napewa hela ya kupikia au najitegemea? Posho ndogo ikigeuka kuwa hela ya chakula, umekwisha.

Swali lako la kazi. Nitakukatisha tamaa kidogo: hakuna anayekuhakikishia shamba. Kazi nyingi za shambani siku hizi hufanywa na vibarua kutoka Thailand, na viwandani wapo waajiriwa. Mgeni wa kujitolea mara nyingi huanzia bwaloni, kwenye dobi, bustanini au kwenye hoteli ya kibutsi. Bwaloni maana yake ni mashine ya kuoshea vyombo yenye mkanda unaotembea, mvuke usoni, na sahani mia kadhaa kwa mlo mmoja. Jambo moja wageni hulikosea sana pale ni kuchanganya vyombo vya nyama na vya maziwa. Jiko linalofuata sheria za chakula za Kiyahudi lina seti mbili za kila kitu, sufuria, visu, hadi sponji. Ukitumbukiza kijiko cha mtindi kwenye sufuria ya kuku, hutagombezwa sana, lakini utaona kazi yote inasimama.

Wewe una stashahada, itumie. Kwenye fomu, pale pa ujuzi, usiandike "kilimo" ukaishia hapo. Andika: nimekamua kwa mkono na kwa mashine, nimefunga mipira ya umwagiliaji wa matone, naendesha trekta kama unaendesha kweli. Kumbuka umwagiliaji wa matone ulipata soko kupitia kibutsi cha Hatzerim, kilichoanzisha Netafim mwaka 1965. Huko jangwani anayeelewa kwa nini tundu la matone limeziba anathaminiwa kuliko mwenye misuli. Yotvata, kusini, kinajulikana kwa maziwa. Ketura, kilomita kama 50 kaskazini ya Eilat, kina mitende.

Tuseme umepangwa kwa ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa wa Israeli hukamuliwa mara tatu kwa siku na hutoa zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka, kwa hiyo zamu haina huruma. Ya alfajiri huanza saa tisa au saa kumi usiku. Ng'ombe wanaingia kwa mstari, wewe uko chini kwenye shimo, viwele viko usawa wa uso wako. Unaosha chuchu, unakamua michirizi miwili mitatu ya kwanza kwa mkono na kuitazama: ikiwa na mabonge au rangi ya maji, huyo ana ugonjwa wa kiwele, mwite msimamizi. Salama? Unafuta kwa kitambaa kikavu, unapachika vikombe vinne, na vikishaachia unachovya kila chuchu kwenye dawa ya iodini ili kitundu kisiingize vijidudu. Kosa kubwa la wageni liko kwenye mkanda wa rangi unaofungwa mguuni. Ng'ombe mwenye mkanda yuko kwenye antibiotiki, na maziwa yake hayaruhusiwi kuingia kwenye tangi. Usingizi ukikushika ukampachika pamoja na wenzake, maelfu ya lita yanamwagwa. Kwa hiyo ukiingia shimoni angalia miguu kwanza, kiwele baadaye.

Mitende nayo ina majira yake. Kuanzia Februari hadi Aprili ni uchavushaji wa mkono: chavua ya dume inapulizwa kwenye makole ya majike. Kisha punje changa hupunguzwa, nyingi tu, ili zinazobaki zinenepe. Tende aina ya Medjool haiwi kubwa kwa bahati, inakuwa kubwa kwa sababu wenzake wametupwa. Baadaye makole huvishwa nyavu za kuzuia ndege na kudaka zinazodondoka, na mavuno ni Agosti hadi Oktoba. Kazi hufanyika juu ya jukwaa linaloinuliwa na mashine, na mkanda wa usalama umefungwa kiunoni. Kinachoumiza zaidi ya urefu ni miiba kwenye mashina ya makuti, mirefu na migumu kama sindano ya gunia. Ikiingia kwenye kifundo cha kidole na ncha ikakatikia ndani, kidole kinavimba wiki nzima. Vaa glavu na miwani hata kama wenyeji hawavai. Na kama kweli unataka shamba, fika Agosti, kabla ya mavuno, kwa sababu ndipo mikono inapotafutwa. Ukifika Januari utakuta machungwa na parachichi, kama uko kaskazini au kando ya pwani.

Wiki ya kazi huanza Jumapili. Kwa wewe mwana kanisa hilo lina uzito: Jumapili asubuhi uko kazini, siku ya mapumziko ni Jumamosi. Makanisa mengi ya wageni Tel Aviv na Jaffa husali Jumamosi kwa sababu hiyo hiyo, lakini kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumamosi jioni mabasi hayatembei karibu nchi nzima. Kwa hiyo safari ya ibada, au ya Yerusalemu na Bethlehemu, inapangwa kwa siku za likizo unazokusanya kila mwezi. Mhimize msimamizi wa wanaojitolea akuandikie siku hizo mapema. Za mdomo hupotea. Kazi ni siku sita kwa wiki, saa sita hadi nane kwa siku, na anayepanga zamu ukimzoesha kwamba hukatai kitu, atakupanga hadi mgongo ukatike.

Chumba utachangia na wasichana wawili au watatu. Wengi watakuwa Wazungu, Wakorea, Walatini, umri wako au chini yake, na usiku wa kuamkia Jumamosi kuna muziki na pombe. Hulazimiki kunywa. Bangi ni mwiko kwenye mkataba wa wanaojitolea: ukikutwa nayo, unafunga begi kesho yake. Mtu akikusumbua, mwenzako au mwanachama wa kibutsi, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo kwa maandishi, WhatsApp inatosha, na uombe kuhamishwa. Andika namba uliyopewa ndani ya kila nguo kabla hujaipeleka dobi. Nguo isiyo na namba hairudi, na hakuna wa kumlaumu.

Begi: viatu vya kufunika vidole, kofia pana, sweta zito. Watu wa kwetu hucheka wakiambiwa wabebe sweta kwenda jangwani, lakini usiku wa Januari huko Negev baridi inashuka karibu na sifuri, wakati mchana wa Julai kule Arava joto linapita nyuzi 40. Soketi zao ni za pini za duara, chaja yako ya pini tatu bapa haitaingia bila adapta. Chakula ni kachumbari asubuhi, mchana na jioni: matango na nyanya iliyokatwa ndogo ndogo, mayai, jibini, mkate. Wali upo. Ugali sahau, na wiki ya Pasaka ya Kiyahudi hata mkate unaondolewa bwaloni.

Sasa mama yako. Mama hajakosea, na usimwendee na maneno ya "Mungu atatulinda" ukadhani umemjibu. Oktoba 7, 2023 Hamas ilishambulia vibutsi vilivyo kando ya Gaza, Be'eri, Kfar Aza, Nir Oz, Nahal Oz na vingine. Vijana wetu wawili walikuwa wamepita mlango ule wa pili, wanafunzi wa kilimo, mmoja Nir Oz na mwingine Nahal Oz. Walikuwa wamefika Septemba, wiki chache tu kabla. Mwili wa mmoja wao ulirudishwa Novemba 2025, zaidi ya miaka miwili baadaye. Huyo wakala anayekuambia "ukifika utapangiwa" anakuomba ulipie milioni 4.2 bila kujua utalala kilomita ngapi kutoka mpakani. Nahal Oz haifiki hata kilomita moja kutoka uzio wa Gaza.

Mwonyeshe mama ramani. Kabla ya hapo ujue mambo haya wewe mwenyewe. King'ora kikilia, muda wa kufika kwenye chumba cha zege hutegemea ulipo: karibu na Gaza ni sekunde 15, kwenye mpaka wa Lebanoni ni hizo hizo au pungufu, eneo la Tel Aviv ni sekunde 90. Vibutsi vya kaskazini kabisa kama Manara na Misgav Am vilihamishwa watu wake vita vilipoanza, na Manara iliharibiwa vibaya. Kusini mwa mbali, Arava, kumekuwa kimya zaidi, ingawa mwaka 2025 hata Eilat ilifikiwa na droni za Wahuthi kutoka Yemen. Kwa hiyo swali la kuuliza kibutsi haliwi "kuna usalama?", maana watajibu ndiyo. Uliza: chumba cha wanaojitolea kina ukuta wa zege ndani yake, au handaki liko hatua ngapi kutoka mlangoni? Vyumba vya wanaojitolea mara nyingi ndivyo majengo ya zamani kuliko yote, na wakati mwingine handaki liko upande wa pili wa uwanja. Sekunde 15 hazikuvushi uwanja. Ukifika, pakua programu ya tahadhari ya jeshi la ulinzi wa raia, tembea njia hiyo mara mbili, mara moja usiku.

Angalia pia mstari wa ramani wenyewe. Vibutsi vichache, kama Kalia na Almog karibu na Bahari ya Chumvi, viko Ukingo wa Magharibi, ardhi iliyokaliwa tangu vita vya 1967. Vya Golan navyo viko kwenye ardhi iliyotekwa Syria mwaka huo. Hilo ni suala la dhamiri yako, na pia la bima, kwa sababu kampuni nyingi huandika mipaka ya maeneo. Na hata ndani ya Israeli, ukiona safu ya mipungate mikubwa pembezoni mwa shamba ambako hakuna nyumba, mara nyingi ni ua wa kijiji cha Waarabu kilichokuwepo kabla ya 1948. Utakula meza moja na watu wenye kumbukumbu tofauti sana za ardhi hiyo hiyo, na vita vya Gaza vimezifanya ziwe kali zaidi. Sikiliza sana, ahidi kidogo, usipige picha za kambi wala za askari.

Bima ya kawaida ya safari huondoa vita. Soma ukurasa wa visivyolipwa kabla ya ukurasa wa vinavyolipwa; meno na maradhi uliyokuwa nayo kabla ya safari navyo kwa kawaida hayamo. Halafu weka akiba ambayo hutaigusa hata kwa siku ya kuzaliwa: nauli ya kurudi inayonunuliwa siku hiyo hiyo, pamoja na hela ya kula na kulala wiki mbili. Juni 2025, katika zile siku 12 za vita na Iran, uwanja wa Ben Gurion ulifungwa kwa abiria wa kawaida, na wageni walitoka kwa barabara kupitia Yordani na Misri. Waliokuwa na tiketi ya kurudi tu, bila taslimu, walibaki wakisubiri.

Kama baada ya hayo yote bado moyo unataka mlango wa kwanza, njia yake ni hii. Ofisi ya vibutsi inayopokea wanaojitolea iko Tel Aviv, inaitwa Kibbutz Program Center, na unaiandikia moja kwa moja kwa Kiingereza. Wanataka mtu mzima kuanzia miaka 18, mwenye afya iliyothibitishwa na daktari kwenye fomu yao, anayeelewana kwa Kiingereza, atakayekaa angalau miezi miwili. Kuna ada ya usajili na bima, na zinalipwa kwao, kwa risiti. Hakikisha pasi yako ya kusafiria ina zaidi ya mwaka mmoja na nusu mbele. Kama huna, ada ya pasi ya kielektroniki ni sh 150,000. Chukua na cheti cha polisi cha tabia njema, hata kama hakijaombwa kwenye fomu. Ubalozi wa Israeli unaohudumia Tanzania uko Nairobi, na mwenye pasi ya Tanzania au ya Kenya haendi uwanja wa ndege bila viza kwenye pasi. Usikubali ushauri wa "ingia kama mtalii, utabadilishiwa huko". Jipe miezi minne hadi sita ya maandalizi. Ukifika, jiandikishe kwenye ubalozi wetu Tel Aviv, uliofunguliwa 2018, na umpe mama namba yao.

Lakini ukiniuliza ningemshauri nini binti mwenye stashahada ya kilimo, hela kidogo na mama mwenye hofu, ningesema mwaka huu usiende kujitolea. Rudi chuoni kwako, umuulize mkuu wa idara kama wana makubaliano na mpango wowote wa mafunzo ya vitendo nje, na kama kuna wahitimu waliorudi, watafute uwaulize hati zao za malipo zilikuwaje baada ya makato. Chagua Arava kuliko mpakani. Utaishi karibu na vibutsi, utakula kachumbari ile ile, ila utarudi na mtaji na cheti. Mlango wa kujitolea hautafungwa. Kwa miaka mingi wamekuwa wakipokea hadi mwenye miaka 35.

Kuhusu ile laki tatu, usimpigie simu wakala, mwandikie, ili majibu yabaki. Wakala wa kupeleka watu kazini nje anatakiwa na sheria kuwa na leseni, kwa hiyo anza na hiyo: "Naomba namba ya leseni yako, jina la kibutsi, aina ya viza (B/4, A/2 au B/1) na barua ya mwaliko, kabla ya Ijumaa. Usipoweza kunipa, naomba unirudishie sh 300,000 kwa namba ile ile niliyotumia kukulipa." Piga picha ya skrini ya ujumbe na ya muamala wa simu. Namba ya leseni ikija, ipeleke ofisi ya kazi ya mkoa waihakiki. Ikifika Ijumaa yuko kimya, chapisha picha zote mbili, nenda nazo kituo cha polisi pamoja na baba, na umwombe rafiki aliyekuunganisha naye awasindikize.

Mjomba